California 1, A1A ya Florida au Hana: barabara ipi umpeleke mgeni?

Mgeni akifika kutoka nyumbani na kusema anataka kupelekwa kwenye "ile barabara ya baharini ya Marekani", mwulize kwanza ni ipi. Ziko mbili, zote zinabeba namba moja, na kati yao kuna bara zima. Ya California, California 1, inafuata Pasifiki; ya Florida, A1A, inafuata Atlantiki. Nilijifunza kuuliza siku shangazi yangu wa Tanga aliponionyesha kwenye simu picha ya daraja refu juu ya genge. "Mwanangu, hapa ndipo nataka kupigwa picha." Daraja lile liko California. Tiketi yake ilikuwa ya Miami, kule Florida.

Tuweke sawa jambo moja kabla ya kulinganisha. Kila mtu akiulizwa barabara maarufu ya Marekani hujibu Route 66, lakini hapa haimo. Ile ilikuwa na namba ya kitaifa, iliyotolewa 1926 na kufutwa rasmi 1985, na siku hizi imebaki vipande vipande. Interstate nazo, zile pana zinazojaa malori, zina mtandao wao. Ninazosemea mimi ni barabara za majimbo, ambazo kila jimbo hujipangia namba na kuchora kibao chake. Cha California ni kijani, kimechongwa mfano wa sepetu la mchimba dhahabu. Cha Florida kina ramani ya jimbo. Cha Utah ni mzinga wa nyuki. Nyingi kati ya barabara hizi hazijulikani hata na watu wa mji wa jirani. Zinazojulikana na mtu asiyeshika usukani ni chache sana, na mbili za kwanza ndizo hizi zinazogombaniwa. Ya tatu, ile ya kijiji cha Hana kule Hawaii, nitaifikia baadaye.

Bahari ya kutazama, bahari ya kuogelea

Tofauti yao kubwa naweza kuisema hivi: California 1 inakupa bahari ya kutazama, A1A inakupa bahari ya kuingia. Mtu aliyekulia pwani ya kwetu asipoambiwa hili mapema, atanuna.

California 1 ina urefu wa maili 656, yaani kilomita 1,055 hivi, kutoka Dana Point, kusini ya Los Angeles, hadi Leggett kwenye misitu ya miti ya redwood. Usijaribu kuimaliza. Kilichoipa jina ni kipande cha maili 90 hivi, Big Sur, kati ya Carmel na San Simeon. Hapo milima ya Santa Lucia inashuka wima hadi majini, na barabara imechongwa kwenye ubavu wake, mlima huku, shimo kule. Kipande hicho kilifunguliwa 1937 baada ya miaka mingi ya kupasua miamba, na miongoni mwa waliopasua walikuwamo wafungwa wa gereza la San Quentin. Daraja la kwenye simu ya shangazi ni Bixby, lililokamilika 1932, upinde wa zege unaosimama karibu mita 80 juu ya korongo. Ukiliona kwa macho unaelewa kwa nini watu wanasafiri nusu ya dunia kulipiga picha, ingawa saa sita mchana utapata tabu ya kuegesha.

Lakini maji! Hata mwezi wa Agosti, maji ya Big Sur ni baridi ya kuuma mifupa, na mawimbi yake hayana utani. Aliyezoea kuoga Raskazone, kule Tanga, akitia mguu pale, anautoa hapohapo. Watu huko hukaa juu, hufunga koti, hutazama. Kati ya Desemba na Aprili unaweza kuona nyangumi wa kijivu wakipita. Karibu na San Simeon, pale Piedras Blancas, sili wakubwa wenye pua kama mkonga hulala mchangani wakikoroma mwaka mzima. Hiyo ndiyo starehe yake. Nguo za kuogelea ziache kwenye begi.

A1A ni kitu kingine kabisa. Ina maili 338, kilomita 545 hivi, ikianzia Key West, inakatika, kisha inaanza tena Miami na kupanda hadi karibu na mpaka wa Georgia. Sehemu kubwa inapita juu ya visiwa vyembamba vya mchanga vilivyojipanga mbele ya bara. Haina mlima, haina genge, na kona zake hazimtishi mwanafunzi wa udereva. Maji yake ni ya vuguvugu, mchanga ni laini, na unaweza kusimamisha gari, ukaoga, ukajikausha na kuendelea. Jina lake la ajabu lilikuja 1946: kabla ya hapo iliitwa barabara ya jimbo namba 1, ikawa inachanganywa na barabara ya kitaifa US 1 inayokwenda nayo sambamba. Wakaipachika A mbele na A nyuma.

Kasoro yake niiseme wazi, maana picha za matangazo haziisemi. Kuanzia Miami Beach kwenda juu kuna sehemu ndefu ambako bahari ipo mita mia kutoka ulipo na huioni. Maghorofa yamejipanga kama ukuta. Anayeijua barabara ya Mombasa kwenda Malindi anaelewa: unasikia harufu ya bahari, unaona mageti ya hoteli. Ndiyo maana ukiniambia una siku moja tu ya A1A, sitakupeleka Miami. Nitakupeleka kaskazini, kati ya Daytona Beach na St. Augustine. Flagler Beach kwa mfano, upande mmoja ni nyumba fupi za mbao, upande wa pili ni mchanga na maji, hakuna kingine.

Huko kaskazini ndiko A1A inapoanza kusema na mtu wa pwani. St. Augustine ni mji ulioanzishwa na Wahispania 1565, na ngome yake, Castillo de San Marcos, ilianza kujengwa 1672 kwa mawe yaliyotokana na kombe zilizoshikana chini ya bahari. Shangazi alishika ukuta, akatazama mizinga iliyoelekezwa majini, akasema, "Hii si Fort Jesus hii?" Si Fort Jesus, ile ni ya Wareno, ni ya zamani zaidi, tena ya mawe ya matumbawe. Lakini hakukosea: ni akili ileile ya watu waliotoka kwenye bara lilelile kulinda lango la bahari isiyo yao. Mbele kidogo, kule Mayport, A1A inafika mtoni na kwisha. Gari linaingia kwenye kivuko, linavushwa mto St. Johns, na barabara inaendelea ng'ambo kwa namba ileile. Waliozoea foleni ya Likoni au Kigamboni watajisikia nyumbani, ila hapa foleni ni fupi na hakuna anayeuza korosho.

Nisisahau Daytona. Kuanzia 1936 hadi 1958 mashindano ya magari yalifanyika kwa kwenda upande mmoja juu ya mchanga wa ufukweni na kurudi upande wa pili juu ya lami ya A1A yenyewe. Uwanja maalumu ulifunguliwa 1959, lakini mpaka leo ukilipa kiingilio unaruhusiwa kuendesha polepole juu ya mchanga katika sehemu zilizotengwa. Vijana wanapenda hilo kuliko ngome.

Mwelekeo, majira na mfuko

Hapa ndipo safari nyingi zinapoharibika, nami nitakaa kidogo.

Sisi nyumbani tunaendesha kushoto. Marekani ni kulia, na hilo linabadilisha hesabu ya nani anakaa upande wa bahari. California 1 iendeshe kutoka San Francisco kushuka Los Angeles. Ukifanya hivyo, njia yako ndiyo inayopakana na bahari, na sehemu za kuegesha na kupiga picha ziko mkono wako. Hukati barabara mbele ya magari yanayokuja. Florida ni kinyume chake: bahari iko mashariki, kwa hiyo anzia kusini uende kaskazini. Na kama kwenye gari kuna mtu anayeogopa kimo, pindua ushauri wote wa California. Mpandishe kutoka kusini kwenda kaskazini, awe upande wa mlima, ama sivyo atasafiri macho yamefumbwa.

Kutoka San Francisco hadi Los Angeles kwa Interstate 5 ni kama saa sita. Kwa California 1 usipange chini ya siku mbili. Tatu ndizo zinazofaa. Unaweza kulala Monterey usiku wa kwanza na Morro Bay wa pili, maana vyumba vya Big Sur penyewe ni vichache na bei yake inaumiza. Mafuta jaza Carmel kabla ya kuingia. California ni mojawapo ya majimbo yenye petroli ghali zaidi Marekani, na sheli za Big Sur zinazidi hata hapo. Mtandao wa simu unapotea kwa muda mrefu, kwa hiyo ramani ipakue mapema. Ukivuka daraja la Golden Gate kuelekea kusini unatozwa, na hawapokei pesa taslimu. Gari la kukodi litaletewa deni na kampuni itaongeza ada yake juu. Uliza kabla ya kusaini.

Barabara zote mbili zinaliwa. Hili ni la muhimu kuliko bei. Kule California mlima ndio unaoshuka: Mei 2017 maporomoko ya Mud Creek yaliifukia barabara na haikufunguliwa mpaka Julai 2018, Januari 2021 kipande kilisombwa pale Rat Creek, Januari 2023 na Februari 2024 maporomoko mengine yakaikata tena Big Sur. Hata upande wa Malibu, moto wa Januari 2025 uliifunga kwa miezi kadhaa. Kwa hiyo kabla ya kulipia hoteli, fungua QuickMap ya idara ya barabara ya jimbo, Caltrans, uone kama njia inapitika mwanzo hadi mwisho. Ikiwa imekatika katikati, bado unaweza kuingia upande mmoja na kurudi ulikotoka, lakini hiyo ni safari nyingine. Florida adui ni bahari yenyewe. Kimbunga Matthew cha Oktoba 2016 kilimeza lami ya A1A pale Flagler Beach. Msimu wa vimbunga ni Juni 1 hadi Novemba 30.

Kwa hiyo majira yao hayafanani. California nzuri ni Septemba na Oktoba. Juni na Julai ndiyo mtego: wageni wanakuja likizo, wanakuta ukungu mzito kama wa Lushoto alfajiri, na daraja waliloliona kwenye simu halionekani. Florida nzuri ni Novemba hadi Aprili, ingawa hapo ndipo wazee wa kaskazini wanakimbilia kuota jua na bei za hoteli zinapaa. Machi epuka Daytona kabisa kama unataka utulivu. Wanafunzi na pikipiki wanaujaza mji.

Na jambo la kizamani ambalo watu wanaona haya kuliuliza: vyoo. Kwenye A1A kila baada ya maili chache kuna bustani ya ufukweni yenye choo, bomba na kivuli. Big Sur unaweza kwenda muda mrefu bila kitu. Ukiwa na mama mzee au mtoto wa miaka mitatu, hoja hii peke yake inaweza kumaliza mjadala.

Upande wangu? Mgeni wa siku mbili, mwenye watoto au wazee, nampeleka A1A na sijutii. Mwenye siku nne, aliyezaliwa pwani, namsukuma California hata akikataa mwanzoni. Mchanga mweupe na maji ya vuguvugu anavyo kwao. Milima inayoingia baharini hana.

Hana ni swali jingine

Wanaoleta Hana kwenye ushindani huu mara nyingi hawajauliza tiketi. Barabara ya Hana iko kisiwa cha Maui, Hawaii, zaidi ya saa tano kwa ndege kutoka Los Angeles. Kama hauendi Maui kwa sababu nyingine, usiende kwa ajili yake tu. Kama unakwenda, soma hapa.

Namba zake ni 36 kisha 360, lakini hakuna anayezitaja. Ni "Hana" basi. Kutoka Kahului hadi kijiji cha Hana ni maili 52 hivi, kilomita 84, na humo zimehesabiwa kona 620 na madaraja 59, ambayo 46 hupitisha gari moja moja. Mtu wa Mombo atasema barabara ya Lushoto inatosha. Ni kweli Lushoto ni shule nzuri, na Kitonga pia, lakini huko kona zina mwisho. Huku kona zinazaa kona, msitu umefunika juu, maporomoko ya maji yanadondokea karibu na kioo, na kila dereva mgeni anataka kusimama katikati ya daraja apige picha. Usiwe huyo. Ile ni barabara ya watu kwenda kazini, shuleni na hospitali. Ukiona gari nyuma yako, jitenge pembeni lipite. Darajani, waliofika kwanza upande wa pili waache wamalize.

Tofauti na California, hapa umbali ni mfupi na muda ni mrefu: saa mbili na nusu kwenda bila kusimama, na hakuna anayekwenda bila kusimama. Jaza mafuta Paia, ondoka asubuhi na mapema, mweke mbele anayetapika haraka. Ufukwe wa mchanga mweusi wa Waianapanapa wasio wakazi lazima waweke nafasi mapema mtandaoni. Wanaofika mikono mitupu hurudishwa. Kando ya njia wanauza mkate wa ndizi, ambao kwa kweli ni keki, na una moto kama umetoka jikoni sasa hivi. Maili kadhaa kupita Hana, kwenye uwanja wa kanisa dogo la Kipahulu, amezikwa Charles Lindbergh, rubani aliyevuka Atlantiki peke yake bila kutua 1927. Alichagua mwisho wa barabara ngumu kuliko zote, na ukifika pale baada ya kona mia sita humlaumu. Mbele zaidi lami inaharibika na baadhi ya mikataba ya magari ya kukodi inakataza kupita, soma maandishi madogo.

Nyingine za kutaja

Utah 12 haina jina kubwa mitaani, nami naona ni dhuluma. Maili 123 kutoka karibu na Panguitch hadi Torrey, inapita mlangoni mwa Bryce Canyon, kisha baada ya Escalante inapanda juu ya mgongo mwembamba wa mwamba, Hogback, ambako kuna shimo kushoto na shimo kulia na hakuna kingo. Mbele inapanda mlima wa Boulder hadi karibu mita 2,900. Kipande hicho cha mlimani kilitiwa lami 1985 tu. Asiyependa bahari, au aliyechoka na foleni ya kamera ya Bixby, aende huko.

Nevada 375 ina jina kubwa na mambo madogo. Jimbo liliibatiza 1996 Barabara ya Viumbe wa Angani, kwa sababu inapita karibu na Area 51, kituo cha jeshi ambacho uvumi unakihusisha na viumbe hao. Ni maili 98 za jangwa na kijiji kimoja, Rachel. Utapiga picha ya kibao, utanunua fulana, utarudi Las Vegas. Siku nzima.

Na kwa mgeni ambaye hataki kuendesha wala kuendeshwa, iko M-185 ya Michigan. Inazunguka kisiwa cha Mackinac kwa maili 8, na ni barabara halali ya jimbo yenye namba na kilomita zake, ila magari yamepigwa marufuku kisiwani tangu 1898, isipokuwa ya dharura. Unavuka kwa boti kutoka Mackinaw City, unakodi baiskeli, unaizungusha kwa saa moja na nusu huku ziwa Huron likiwa mkononi mwako njia nzima. Mizigo inabebwa na farasi. Wamarekani wanashuka botini wakishangaa mji usio na honi. Mtu wa Lamu atatazama chini kwanza, akwepe kinyesi, kisha aulize punda wako wapi.